Maua ya mwisho wa masika: tuyakate vipi kwa ajili ya kanisa bila kuumiza bustani?

Tumaini_Nguba (Bukavu)

Jambo wazazi, jambo wandugu. Nina maswali mawili, na naona yanashikana.

Jumapili ya wiki ijayo parokia yetu ina komunyo ya kwanza. Maua hatununui, tunayakata kwenye parseli tatu za waumini. Tuko mwisho wa mwezi wa tano, mvua zinahesabika. Kilichopo ni hortensia za buluu vichaka vinane, dalia kama ishirini nyekundu na zambarau, glayoli za rangi ya machungwa zilizoanza kufunguka, arumu nyingi kando ya mfereji, na mirozi miwili (miti ya mawaridi) yenye madoa meusi kwenye majani. Udongo ni ule wetu mwekundu mzito, na parseli zote ziko kwenye mteremko.

Siku ya Pasaka hortensia zililala kabla mahubiri hayajaisha, na zilikuwa ndani ya maji. Arumu zilipasuka chini zikajikunja kama maganda ya ndizi. Dalia zilizokatwa zikiwa bado matumba hazikufunguka hata moja. Maji yalichotwa ziwani, kwa macho yalikuwa safi kabisa.

Swali la pili ni bustani yenyewe. Mmoja anasema hortensia zikatwe mpaka chini kiangazi kikianza, mwingine anasema zisiguswe. Na dalia je, ziachwe ardhini au zing'olewe? Tunataka Septemba bustani iamke vizuri, maana Noeli pia inatutegemea sisi.

Mkasi_Muhumba (Bukavu)

Yaya Tumaini, yanashikana kweli. Kila shina unalokata kupeleka kanisani, umeshapogoa. Kabla ya kuhesabu maua mangapi yanatosha, angalia kila shina litakatwa wapi, kwa sababu mahali hapo ndipo panaamua utakuwa na nini baada ya kiangazi.

Nianze na hortensia, ndiyo inayosumbua kuliko zote. Kichwa kimoja kina vijani vya rangi vingi mno, na vyote vinapoteza maji kwa wakati mmoja. Shina nalo ni gumu kama la mti, halafu linatoa utomvu mzito unaoziba mdomo wa mkato. Ndiyo maana ua linakauka huku limesimama ndani ya maji.

Usichukue vichwa vichanga. Kishike kichwa kwa kiganja, kikandamize kidogo. Kikiwa laini na cha baridi kama jani la saladi, kiache. Kikikwaruza kama karatasi, na kale kaua kadogo katikati ya kila ua kamefunguka, hicho ndicho cha kukata. Kilichokomaa kinaweza kukaa wiki nzima. Kichanga hakimalizi asubuhi.

Kata alfajiri, kabla jua halijagusa majani. Nenda na ndoo ya maji mkononi, usilundike mashina chini na kuyatia maji baadaye, kwa maana hewa ikiingia kwenye mishipa ya shina, maji yanashindwa kupanda. Toa majani yote, bakiza mawili madogo chini ya kichwa. Ukifika nyumbani, chemsha maji kwenye mbabula. Kata tena sentimita 2 za chini kwa mshazari, kisha tumbukiza sentimita 3 za mwisho ndani ya maji yanayotokota kwa sekunde 30. Kichwa kielekeze pembeni au kifunike kwa kitambaa, mvuke usikiunguze. Hapo hapo lihamishe kwenye maji ya baridi yenye kina, yafike karibu na shingo, mahali penye kivuli na pasipo upepo, usiku mzima.

Kichwa kikilala Jumapili asubuhi usikitupe. Kizamishe kizima, kifudifudi, ndani ya beseni la maji ya baridi kwa dakika 30 hadi 45. Kikung'ute, kata shina upya, rudisha mahali pake. Hortensia inakunywa hata kwa vijani vyake vya rangi. Dalia na mawaridi usiyafanyie hivyo, yataoza.

Sasa mahali pa kukata. Fuata shina kutoka kichwani kwenda chini. Majani yamepangwa mawili mawili, na kwenye kila kwapa la jani kuna kijicho. Vijicho vya juu kabisa ni vyembamba, vimebanana na shina. Shuka mpaka ukute jozi ya kwanza iliyonenepa, ambayo ukipitisha kidole gumba unaisikia kama punje mbili za mahindi pande mbili za shina. Kata nusu sentimita juu yake. Hivyo ndivyo vinavyobeba vichwa vijavyo. Anayekata kichaka kizima mpaka chini mwezi wa sita anapata majani mazuri sana na hapati maua mpaka mashina mapya yakomae. Kwa hiyo yule aliyesema msizikate mpaka chini anakaribia ukweli, ila na kutozigusa kabisa nako kunazizeesha. Yatoeni mpaka chini mashina makuukuu peke yake: yenye gamba la kijivu linalobanduka na yenye kutoa vichwa vidogo. Theluthi moja ya mashina ya kila kichaka, isizidi.

Dalia ikikatwa tumba haifunguki tena, hakuna dawa ya hilo. Ikate ikiwa imefunguka robo tatu au yote, halafu igeuze uangalie mgongo. Petali za nyuma zikiwa ngumu na zimenyooka, ni mpya. Zikiwa zimelegea au zimeanza kuwa kama karatasi iliyolowa, siku mbili tu limekwisha. Shina lake ni bomba tupu, nalo linapenda maji ya moto, ila si ya kutokota: moto wa chai ambayo bado huwezi kuitia mdomoni. Weka sentimita 5 za chini humo na uliache mpaka maji yapoe yenyewe, kama saa moja. Ukate shina refu, hata kama unaondoka na matumba mawili ya pembeni. Inauma, lakini mmea utachipua kutoka chini kwa mashina marefu. Ukikata vishina vifupi kila mara, utabaki na kichaka cha vishina vifupi.

Glayoli zikateni maua mawili ya chini yakiwa yameonyesha rangi. Mengine yatafunguka ndani ya chombo. Kwenye mmea bakizeni majani manne angalau, kwa sababu kitunguu kipya kinajengwa na majani hayo, juu ya kile cha zamani. Ukiondoka na majani yote umeuza glayoli ya mwakani. Na zibebwe zimesimama wima. Zikilazwa kwenye gari usiku mmoja, ncha zinajipinda kutafuta juu, na hazinyooki tena.

Arumu msikate kwa kisu. Shika shina chini kabisa, lizungushe kidogo huku unavuta, litatoka lote jeupe mpaka mwisho. Funga uzi au mpira sentimita 1 juu ya ncha, ndicho kinachozuia kupasuka na kujikunja. Maji yake yawe sentimita 5 hadi 8 tu, zaidi ya hapo shina linaoza. Osheni mikono baada ya kazi, utomvu wa arumu unawasha, na usifike kwenye macho ya watoto.

Udongo_wa_Lava (Goma)

Niongeze la maji, kwa sababu naona Tumaini ametaja ziwa na hakuna aliyeligusa.

Maji ya ziwa Kivu yana chumvi za bikaboneti nyingi, zinazoletwa na chemchemi za chini ya ziwa, na pH yake (kipimo cha asidi: kikipanda, asidi imepungua) kwenye maji ya juu ni karibu 9. Ua lililokatwa linavuta maji vizuri yakiwa na asidi, pH kati ya 3.5 na 5. Kwa maji ya ziwa mnalinywesha kinyume chake. Macho hayawezi kuona hilo, maji yanang'aa tu.

Mvua zikiwa bado zipo, kingeni maji ya mabati leo. Mvua ya kwanza dakika kumi iacheni ioshe vumbi, kisha wekeni bidoni. Kwa lita 1 ya maji ya mvua: kijiko 1 cha supu cha sukari, kijiko 1 cha maji ya ndimu yaliyochujwa, na matone 10 ya javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo). Sukari ni chakula cha ua, ndimu inafungua njia ya maji, javeli inazuia bakteria wanaoziba mashina. Ukitia sukari ukaacha javeli, umewalisha bakteria, na kesho yake maji yatanuka. Tieni kimoja kimoja ndani ya maji mengi na kukoroga. Ndimu na javeli visikutane vikali peke yake kwenye kikombe, vinatoa gesi inayochoma kifua.

Mkikosa maji ya mvua mkalazimika kutumia ya ziwa, ndimu iongezwe mara mbili au tatu, kwa sababu ile bikaboneti inakula asidi kwanza. Mtaona mapovu madogo yakipanda, hiyo ndiyo kazi inafanyika.

Hata kwenye kumwagilia ni vivyo hivyo. Udongo wenu mwekundu una asidi, na asidi ndiyo inayoiachia hortensia aluminiamu inayoifanya buluu. Mkiimwagilia maji ya ziwa miezi mitatu ya kiangazi, au mkiimwagia majivu ya jikoni kama wengi wanavyofanya kwa nia njema, buluu itaanza kuchafuka kuelekea waridi, na majani machanga yatakuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Huku Goma, juu ya lava changa, hortensia nyingi ni za waridi bila mtu kufanya lolote. Buluu ya Bukavu ni ya kulindwa. Majivu pelekeni kwenye kabichi.

Na jambo moja dogo la Jumamosi usiku: ndoo za maua zisilale chumba kimoja na ndizi zinazoiva wala avoka. Matunda yanayoiva yanatoa gesi inayozeesha maua. Mawaridi yanaangusha petali na glayoli zinasinyaa kabla ya kufunguka.

Tumaini_Nguba (Bukavu)

Aksanti sana, nimeandika yote. Naona kosa letu lilikuwa maji na saa ya kukata, vyote viwili.

Swali: ule sponji wa kijani wa kuchomekea maua hatuna, na bei yake hatuiwezi kwa madhabahu nzima. Vyombo tulivyo navyo ni karai pana mbili za sentimita 60 na mitungi miwili ya udongo. Mashina yatasimama vipi? Na je, rangi zetu zinakwenda pamoja? Kanisa letu halina mwanga mwingi, madirisha ni madogo.

Mkasi_Muhumba (Bukavu)

Kwa mitungi, chukueni wavu wa kuku kipande cha sentimita 50 kwa 50, ukunjeni ovyo kama mpira, uingie kwa nguvu kidogo. Mashina yatapita kwenye matundu ya juu na ya chini, hayatoki. Ufungeni kwa waya kwenye masikio ya mtungi, maana glayoli ndefu zinaweza kuuvuta wavu wote nje.

Kwa karai, tumieni mgomba. Mgomba ukishatoa mkungu hauzai tena, kwa hiyo hamharibu kitu. Kateni kipande cha sentimita 20, bandueni magamba mawili au matatu ya nje mpaka mfike penye weupe na ugumu, kisha kisimamisheni ndani ya karai. Ndani kuna vyumba vidogo vidogo vinavyoshika maji. Karai la sentimita 60 linachukua vipande vitatu au vinne vilivyobanana, na mawe ya mviringo yazibe nafasi zilizobaki visiyumbe. Mimina maji ya dawa yafike sentimita 5.

Mashina magumu yanaingia yenyewe. Ya dalia yanavunjika, kwa hiyo toboa kwanza kwa kijiti chenye unene wa shina, ingia sentimita 6 hadi 7. Tobo likiwa kubwa, ua litazunguka na kuangalia ukuta.

Kuna mambo mawili yanayoharibika na mgomba. La kwanza ni utomvu: unatoa doa la kahawia lisilotoka kwenye kitambaa cha madhabahu hata kwa sabuni. Kateni vipande Ijumaa jioni, visimame kwenye majani vitoe maji usiku kucha, na karai liwekwe juu ya sinia au jani zima la mgomba. La pili, hortensia hazitosheki na maji ya mgomba. Kila shina la hortensia litiwe kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita iliyokatwa shingo, imefichwa kati ya vipande. Mgomba unakaa siku mbili, siku ya tatu unalainika na kunuka, Jumatatu utoeni.

Mpangilio wa karai moja niuseme kama kazi inavyokwenda. Majani ndiyo ya kwanza: fujeri kwenye ukingo zishuke chini zifiche bati, matawi ya msipresi nyuma. Majani machanga ya mkaratusi, yale ya kijivu ya mviringo, yanapendeza sana hapa, lakini msiweke mengi, harufu inawasumbua watu wa mbele. Kisha glayoli saba, ya kati iwe na urefu wa sentimita 90, yaani mara moja na nusu ya upana wa karai, na nyingine zishuke pande mbili, zisilingane. Ng'oa kitumba cha mwisho kabisa kwenye ncha ya kila moja, maua ya chini yatafunguka vizuri zaidi. Halafu hortensia tano chini, karibu na ukingo, zikiwa zimegusana mbili tatu pamoja. Hizi ndizo uzito wa kazi yote, zikipanda juu karai linaonekana litaanguka. Dalia tisa zijaze katikati, nyingine zimeingia ndani zaidi, nyingine zimetoka. Arumu tano za mwisho, zote zikiinama upande mmoja kwa kufuata mpindo wake wenyewe. Arumu usiilazimishe kunyooka.

Kuhusu rangi: buluu na machungwa zinainuana, hiyo ni bahati yenu. Zambarau nzito ndiyo ya kuangaliwa. Kwenye kanisa lenye mwanga hafifu, ukiwa benchi la kumi huoni ua, unaona shimo. Wekeni dalia za zambarau pale mshumaa au dirisha linapozifikia, kwenye meza ya ubatizo kwa mfano. Karai za mbele zipate nyekundu, machungwa na weupe wa arumu. Weupe ndio unaovuka kanisa zima.

Hortensia kata Ijumaa alfajiri, zipate usiku mzima ndani ya maji; mengine kata Ijumaa jioni au Jumamosi alfajiri. Jumamosi kuanzia saa kumi alasiri panga. Jumapili kabla ya misa ya kwanza ongeza maji, maana usiku wa kwanza maua yanakunywa kuliko siku nyingine zote. Hilo la kuongeza maji ndilo linalosahauliwa zaidi.

Bustani_Lushi (Lubumbashi)

Jambo kutoka Katanga. Sisi kiangazi kimeshaanza, mvua zilituaga mwezi wa nne, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linashuka chini ya digrii 10. Kwa hiyo kalenda yetu si yenu, lakini nina la kusema juu ya dalia na juu ya matandazo.

Dalia hapa hatuzing'oi. Majani yakishakuwa manjano tunakata mashina kwenye sentimita 10, tunalundika udongo wa sentimita 10 juu yake, na hatumwagilii mpaka mvua zirudi. Ardhi inakauka kabisa na viazi vyake (mizizi minene ya dalia) vinalala salama. Kung'oa viazi kila mwaka ni kuvijeruhi bure. Shingo ikivunjika, kiazi kinabaki kinene na kizuri lakini hakichipui, kwa kuwa jicho halipo kwenye kiazi, lipo pale shingo inapoungana na shina la zamani.

Matandazo: mchwa. Ukiweka majani makavu ya sentimita 8 kuzunguka mrozi huku kwetu, umewapikia. Wanakula majani, kisha wanapanda kwenye gamba la shina. Tunatumia mboji iliyokwisha kuoza, sentimita 3 tu, na tunaacha wazi kiganja kimoja kuzunguka shina.

Kama kuna ndugu wa Lubumbashi anasoma, msimu huu wetu una maua mawili ya kupanga ambayo watu wa Kivu hawana kwa wingi kwa wakati mmoja. Krisantemu, kwa sababu baada ya mwezi wa tatu usiku wetu unarefuka nazo zinangoja usiku mrefu ili zitoe matumba. Za Mei na Juni ndizo bora. Bukavu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, huko zinatoa maua kidogo kidogo kila wakati. Na poinsetia, iliyo nyekundu sasa hivi kwenye nyua nyingi. Ikikatwa inatoka maziwa na kulegea baada ya nusu saa. Choma ncha kwenye moto wa mshumaa mpaka maziwa yakome, au tumbukiza kwenye maji yanayotokota sekunde 15, ndipo uitie maji ya baridi. Ukikata tena ncha wakati wa kupanga, lazima uchome tena. Maziwa hayo yasiguse macho.

Mawaridi tunayapogoa mwisho wa Julai, baridi ikianza kulegea. Ukipogoa mwezi wa sita machipukizi yanakutana na baridi na upepo mkavu, yanakauka ncha.

Mkasi_Muhumba (Bukavu)

Yaya wa Lubumbashi, kwa ardhi yenu umesema sawa. Kwetu inategemea dalia imekaa wapi. Zilizo juu kwenye mteremko ziachwe, kama ulivyoeleza. Zilizo karibu na mfereji zing'olewe, kwa kuwa haziozi kiangazini, zinaoza Septemba na Oktoba, mvua za kwanza zikijaa kwenye udongo mzito kabla chipukizi halijatoka. Tena zile ambazo hazijagawanywa miaka mitatu zing'olewe zote, zimebanana na maua yamekuwa madogo.

Kung'oa: ngoja majani yawe manjano, mwezi wa sita katikati. Kata shina sentimita 15. Chimba kwa uma kuzunguka, sentimita 30 kutoka kwenye shina, uinue kutoka chini. Usivute kwa shina, hapo ndipo shingo zinavunjika. Kung'uta udongo, geuza kichwa chini siku tatu hadi tano kwenye baraza, ili maji ya ndani ya lile bomba yatoke. Yakibaki humo yanashuka na kuozesha taji lote, yaani pale shingo zinapoungana na shina. Hifadhi kwenye sanduku lenye maranda makavu au mchanga mkavu, viazi visigusane. Kila mwisho wa mwezi angalia: kilicholainika kitoe, kilichosinyaa kinyunyizie maji kidogo. Kugawanya fanyeni mwisho wa Agosti, macho yakianza kuvimba. Yanaonekana kama vipele vya waridi shingoni. Kila kipande kiwe na kiazi kimoja na jicho moja angalau, kikatwe kwa kisu kilichopitishwa kwenye javeli, mkato upakwe unga wa makala (makaa). Kitapandwa kwenye kina cha sentimita 12, na kijiti cha kuegemea kiwekwe siku hiyo hiyo. Ukikichomeka baadaye, utatoboa viazi usivyoviona.

Matandazo kwetu yanafaa. Majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, sentimita 5 hadi 8, yawekwe sasa wakati ardhi bado ina maji. Ukingoja Julai unafunika ukavu. Hortensia ndizo za kwanza kupewa. Maji lita 10 kwa kichaka mara mbili kwa wiki, asubuhi, yamiminwe polepole ndani ya kibeseni cha udongo kilichochimbwa upande wa juu wa mteremko. Kumwaga kidogo kila jioni kunaleta mizizi juu, na mizizi ya juu ndiyo inayokufa kwanza.

Mirozi yenye madoa: okoteni majani yote yaliyoanguka, yachomeni, yasiingie kwenye mboji. Ule ukungu unaishi juu ya majani hayo na unarudi na mvua. Pogoeni katikati ya Agosti, mkibakiza mashina manne au matano yenye urefu wa sentimita 40, mkato juu ya jicho linaloangalia nje. Maua yatafuata baada ya wiki sita hadi nane.

Glayoli: vitunguu ving'olewe wiki sita baada ya maua, vikauke wiki mbili mahali penye hewa, kile kikuukuu cha chini kibanduliwe kwa kidole. Majani yenye michirizi ya fedha yana thripsi, wadudu wadogo sana wanaopenda kiangazi, na matumba yake hayafunguki. Majani hayo yachomwe, na vitunguu vyake visichanganywe na vingine.

Kwa Noeli sasa. Glayoli inachukua siku 80 hadi 95 kutoka kupandwa mpaka kuchanua katika baridi yetu. Pandeni kwa mikupuo mitatu: tarehe 20 na 27 Septemba, na tarehe 4 Oktoba, kina sentimita 12, nafasi sentimita 15. Mkupuo mmoja peke yake ni hatari, mawingu mengi yakikaa Novemba zitachelewa.

Udongo_wa_Lava (Goma)

Swali moja kwa Mkasi: vile vishina vya hortensia visivyo na kichwa, vinavyotolewa wakati wa kukata, vinashika vikipandwa sasa? Hapa mizizi inakauka kabla ya Agosti, lava haishiki maji hata ukimwagilia mara mbili kwa siku, mpaka tuweke kwenye mifuko yenye udongo na mboji nusu kwa nusu.

Mkasi_Muhumba (Bukavu)

Vinashika, ila vikiwa kwenye mifuko na kivulini, hata huku. Chukua kishina cha sentimita 12 chenye jozi mbili za majani. Jozi ya chini iondolewe, na ile ya juu kila jani likatwe nusu kwa mkasi, lisinyonye maji ambayo mizizi haijaweza kuleta. Mchanga sehemu mbili, mboji sehemu moja. Funika kwa nusu ya chupa ya maji ya plastiki, kifuniko kikiwa kimetolewa. Mizizi inakuja wiki ya nne hadi ya sita. Ukikivuta taratibu kikakataa, kimeshika. Usikihamishie ardhini kabla mvua za Septemba hazijatulia.

Tumaini_Nguba (Bukavu)

Mgomba tumeshaupata. Vishina vya hortensia vitakavyotoka Ijumaa tutavitia kwenye mifuko siku hiyo hiyo. Mabati yametupa bidoni tatu za maji ya mvua ya leo mchana, lita 60, sasa tunahesabu ndimu.